Ngano ya Mwakani Hulindwa Baada ya Kuvuna

Kombaini ikishatoka shambani na gunia la mwisho kupakiwa, wakulima wengi wa ngano hulipa shamba kisogo mpaka mvua za kupandia zikaribie. Deni la mbolea limelipwa, fedha za ada zimetengwa, na ng'ombe wameingia kula mabua. Hata hivyo, kutu, vidukari na ukungu wa masalia havipumziki. Miezi ambayo shamba linaonekana tupu ndiyo inayoamua kama ngano ijayo itaota mahali safi au itaota katikati ya adui aliyekwisha kushiba akiisubiri.

Makala haya nawaandikia wakulima wanaorudia ngano mwaka hadi mwaka: wa Narok, Njoro, Timau na Uasin Gishu kwa upande wa Kenya, na wa Hanang, Karatu, Monduli, Kilimanjaro Magharibi na Makete kwa upande wa Tanzania. Ushauri wenyewe ni huu: kati ya ngano unayovuna na ngano utakayopanda, hakikisha yanapita majuma kadhaa ambayo shambani mwako hamna mmea hai wa jamii ya ngano, na jirani yako afanye hivyo hivyo. Ukilifanya hilo, kisha ukaongeza mzunguko wa mazao na mbegu safi, utakuwa umelinda sehemu kubwa ya mavuno yako kabla hujafungua chupa ya dawa.

Kila adui na maficho yake

Anza kwa kujiuliza: ugonjwa ulionisumbua msimu uliopita unaishi wapi wakati ngano haipo? Wapo wakulima wanaochoma mabua ili kuua kutu, ilhali kutu haikai kwenye mabua makavu. Wapo pia wanaonyunyizia majani dawa kwa ugonjwa uliokuja ndani ya mbegu. Nguvu na fedha hupotea kwa sababu adui ametafutwa asipokuwepo.

Kundi la kwanza ni la wale wanaoishi kwenye mmea hai pekee. Humo zimo kutu zote tatu za ngano: ya shina, ya majani na ya njano. Kuvu wa kutu hujilisha kwenye tishu mbichi tu. Ngano ikikauka naye hukosa chakula, na vumbi lake linalobaki juu ya mabua halidumu. Vidukari nao hufyonza utomvu wa mmea mbichi. Kwa njia hiyo hiyo hudumu virusi vya udumavu wa njano wa shayiri, ambavyo huishambulia ngano pia. Virusi hivi hukaa ndani ya nafaka na nyasi zilizo hai na huhamishwa na vidukari. Havirithiwi kupitia mbegu wala havikai kwenye udongo.

Kundi la pili hukaa kwenye masalia. Madoa ya majani yanayoletwa na kuvu wa septoria, pamoja na madoa ya hudhurungi yenye mzingo wa njano, hubaki kwenye mabua na majani yaliyokauka. Mvua ikinyesha, chembe za kuvu huruka kutoka kwenye mabua hayo na kutua kwenye miche michanga. Fuzari, inayofanya suke ligeuke jeupe kabla ya wakati na punje zisinyae, nayo hujificha kwenye masalia, hasa ya mahindi.

Kundi la tatu husafiri na mbegu, na fugwe, ugonjwa unaogeuza punje kuwa unga mweusi, ndiyo mfano wake mkuu. Kundi la nne hubaki kwenye mizizi na vitako vya mashina vilivyozikwa udongoni. Hapo yumo kuvu wa Gaeumannomyces anayeozesha mizizi. Ng'oa mmea uliokauka mapema huku wenzake wakiwa kijani; ukitoka kirahisi, mizizi ikawa mifupi na myeusi, na kitako cha shina kikawa na weusi unaong'aa, umemkuta.

Maotea: kiungo kati ya msimu na msimu

Maotea, yaani ngano inayojiotea yenyewe kutokana na punje zilizodondoka wakati wa kuvuna, ndiyo chakula cha kundi la kwanza kwa miezi yote ambayo hujapanda. Mmea mmoja wa maotea ulioachwa penye unyevu unaweza kuwa na kutu chini ya majani, vidukari kwenye kikonyo na virusi ndani ya utomvu.

Wengi hudharau wingi wa punje zinazomwagika. Jaribu kupima. Chukua fito nne za nusu mita, zifunge ziwe mraba, ulaze mraba huo mahali kombaini ilipopita, kisha uhesabu punje zilizo ndani. Rudia sehemu kadhaa, penye mstari wa makapi na pembeni yake, upate wastani. Ukikuta punje 60 kwenye mraba, umepoteza takriban kilo 40 kwa ekari. Kiasi hicho kinakaribia mbegu ambayo wengi hutia kwenye mashine ya kupandia, na maana yake shamba limepandwa upya siku hiyo hiyo ya kuvuna. Kwa hiyo kazi ya kuzuia maotea inaanza kombaini ikiwa bado ndani. Vuna mapema kabla masuke hayajapukutika. Ukiona punje nyingi chini, simamisha kazi, mwambie dereva apunguze mwendo na arekebishe feni na machekeche. Punje hizo ni fedha yako leo, na kesho ni ugonjwa wako.

Baada ya kuvuna, usingoje maotea yaote kwa wakati yanaoutaka. Pitisha haro juu juu ili punje zifunikwe kidogo na mvua ya kwanza iziamshe zote kwa pamoja. Maeneo mengi ya kaskazini mwa Tanzania na ya Narok hupata mvua za vuli kabla ya msimu wa kupanda, na hapo ndipo maotea yanapojaa. Yaue yangali na majani mawili hadi manne, kabla hayajatoa machipukizi, kwa haro au kwa dawa ya magugu. Yakiachwa mwezi mmoja au zaidi, adui huzaana. Kutu iliyotua kwenye jani hutoa vumbi jipya ndani ya wiki mbili hivi hali ya hewa ikiiruhusu. Vidukari majike huzaa bila dume, na katika joto la wastani watoto wao huanza kuzaa baada ya siku kumi hivi.

Mvua ikirudi, mengine yataota. Yafuate tena. Kazi hii haimalizwi kwa mkupuo mmoja.

Kuna kosa ambalo hurudiwa kila mwaka: mkulima hupuliza dawa ya magugu ya glaifosati leo na kupanda keshokutwa. Mmea uliopulizwa hauanguki siku hiyo. Hudhoofika kwa siku kadhaa, na vidukari waliomo huanza kuhama kutafuta kilicho kibichi. Miche mipya ikitokeza wakati huo, inakuwa imewapokea. Acha angalau wiki mbili kati ya siku maotea yalipokauka kabisa na siku ya kupanda. Wiki tatu ni salama zaidi. Hesabu kuanzia mmea ulipokufa, si kuanzia ulipobeba bomba mgongoni.

Usitazame katikati ya shamba pekee. Maotea mabaya zaidi hukutwa pale lori lilipopakilia, pale magunia yaliposhonewa, kwenye kingo ambako kombaini iligeukia, juu ya matuta ya kuzuia mmomonyoko na kando ya barabara ya kutokea. Nyasi za kando nazo zifyekwe, kwa kuwa vidukari na virusi hukaa humo maotea yakiisha.

Ng'ombe, mbuzi na kondoo ni msaada mkubwa wakisimamiwa. Katika maeneo ambako wakulima na wafugaji wanaishi pamoja, mapatano ya kulisha mabua na maotea yanafaa pande zote mbili, mradi yafanywe mapema na kwa muda unaojulikana. Waingie ardhi ikiwa kavu ili wasiishindilie, na watoke kabla shamba halijabaki vumbi tupu. Kama umepuliza dawa, soma lebo ujue siku ambazo mifugo haitakiwi kuingia, na uwaambie wenye mifugo bila kuficha.

Kidukari anayekunja jani

Kidukari wa Kirusi, Diuraphis noxia, aliripotiwa Kenya mwaka 1995, na anaonyesha vizuri kwa nini maotea hayafai kuvumiliwa. Tazama jani lililosimama wima limejikunja kama mrija, lenye michirizi myeupe au ya zambarau kwa urefu wake. Lifungue taratibu kwa kucha. Ndani utakuta wadudu wadogo warefu wa kijani hafifu, wengi wao bado wachanga, wamekingwa na jani lenyewe. Dawa inayoua kwa kugusa tu hupita nje ya mrija huo bila kumfikia mdudu. Jani la juu kabisa likijikunja, suke hunasa ndani na kutoka likiwa limepinda.

Mdudu wa namna hii humaliza fedha zako za dawa ukimfuata zao likiwa limekomaa. Ukimnyima maotea ya ngano na ya shayiri pamoja na nyasi pori zinazomhifadhi, utapanda akiwa mchache. Shayiri naitaja makusudi. Wapo wanaodhani wakipanda shayiri baada ya ngano wamebadilisha zao. Vidukari na magonjwa mengi ya ngano huishi kwenye shayiri pia, hivyo hapo hakuna kilichobadilika.

Masalia na mzunguko wa mazao

Kwa magonjwa yanayokaa kwenye mabua na mizizi, dawa kuu ni muda bila ngano. Kuvu hawa wanaishi kwa akiba iliyomo kwenye masalia. Masalia yakioza na kwisha, nao hupungua sana. Msimu mmoja wa zao lisilo nafaka hupunguza sana kuvu anayeozesha mizizi, ilimradi maotea na nyasi hazikuachwa humo zikamlisha. Misimu miwili ni bora zaidi.

Mazao ya kubadilishia tunayo. Hanang na Karatu kuna maharage, mbaazi, dengu na alizeti. Narok, Nakuru na Timau kuna viazi, njegere, maharagwe na kanola. Jamii ya kunde huongeza nitrojeni ardhini. Mazao ya majani mapana yana faida nyingine pia: ndani yake unaweza kutumia dawa inayoua nyasi peke yake, ukamaliza maotea na magugu yanayofanana na ngano, kazi ambayo ni ngumu ngano ikiwa imesimama.

Kama huwezi kubadilisha shamba lote kwa mwaka mmoja, ligawe mara tatu na ubadilishe theluthi moja kila mwaka. Mwenye ekari 9 atapanda ngano ekari 6 na maharage 3, na baada ya miaka mitatu kila kipande kitakuwa kimepumzika.

Mahindi yanahitaji tahadhari. Kupanda ngano moja kwa moja juu ya mabua ya mahindi, mahali ambapo mvua huendelea hadi ngano inapochanua, ni kuikaribisha fuzari. Hasara yake ni zaidi ya uzito. Kuvu huyo huacha sumu kwenye punje, na unga wake si salama kwa watu wala kwa mifugo. Ikibidi ngano ifuate mahindi, katakata mabua na uyachanganye na udongo mapema ili yaoze.

Kuhusu moto, msimamo wangu ni kwamba usichome. Moto hupunguza kuvu wa juu ya ardhi, lakini unakula mboji, unaacha udongo uchi mbele ya mvua na upepo, na haugusi mizizi iliyo chini. Mabua yaliyobaki juu huhifadhi unyevu, na wanaolima bila kutifua wanaujua uzito wa unyevu huo mwaka wa ukame. Yaache mabua, lakini badilisha zao. Anayebakiza mabua na kurudia ngano ileile kila msimu ndiye anayetunza septoria.

Mbegu usiyoijua ni mzigo

Fugwe ya ngano inaonekana vizuri suke linapotokeza. Badala ya punje kuna unga mweusi, na siku chache baadaye upepo umeupeperusha na kubaki kijiti kitupu. Unga huo hutua kwenye maua ya ngano iliyo jirani na kuingia ndani ya kiini cha punje inayotungwa. Punje hiyo itakuwa nzima, nzito na ya kupendeza. Huwezi kuitambua kwa macho wala kuiosha ikatakata. Ndiyo maana uamuzi wa kuweka mbegu haufanywi ghalani. Hufanywa wakati wa kuchanua, ukitembea shambani. Ukiona masuke meusi, ngano ya shamba hilo iende kusagwa, isiwe mbegu.

Fugwe ya aina nyingine hufunika punje kwa nje. Zipondeponde punje unazozishuku: zikitoa unga mweusi wenye harufu ya samaki aliyeoza, usizipande.

Njia salama ni kununua mbegu zilizothibitishwa, au kwa Tanzania zile za daraja la kuazimiwa, kwa muuzaji unayemfahamu. Ukiamua kutumia mbegu yako, ichekeche uondoe punje zilizosinyaa na mbegu za magugu, kisha uitie dawa ya kuvu inayopenya ndani ya punje, kwa kipimo cha lebo. Mbegu iliyotiwa dawa isiliwe, isipewe kuku, na gunia lake lisitumiwe tena kuwekea chakula.

Tahadhari hiyo inahusu mipaka pia. Ugonjwa wa blasti ya ngano, unaokausha suke kwa siku chache, uligundulika Brazil mwaka 1985, ukafika Bangladesh mwaka 2016, na umethibitishwa Zambia, jirani wa Tanzania. Ugonjwa huu husafiri kwa mbegu. Usivushe mbegu ya ngano kwa njia za panya, hata kama ndugu yako wa ng'ambo anaisifu.

Mashine inayotembea

Kombaini za kukodi huhama kutoka shamba hadi shamba, na hubeba punje, udongo na mbegu za magugu za kila zilikopita. Kubaliana na mwenye mashine kabla ya siku ya kazi kwamba itasafishwa kabla ya kuingia kwako. Akiendeshe kichwa na tangi tupu kwa dakika kadhaa, afungue milango ya chini, apulize machekeche na akwangue udongo kwenye matairi. Simama hapo uone. Mahali pa usafishaji pawe pamoja, ili kinachoota hapo kiuawe.

Kinga ya mbegu hupitwa na wakati

Mwaka 1998, nchini Uganda, lilipatikana kabila la kutu ya shina ambalo likaja kujulikana kama Ug99. Lilishinda kinga iliyokuwa imelinda ngano ya sehemu kubwa ya dunia kwa miaka mingi, likaenea Kenya na Ethiopia, na hadi mwaka 2007 likawa limeonekana Yemen na Iran. Nchini Kenya, mbegu ya KS Mwamba iliangushwa na kabila jingine lililobainika mwaka 2006, na mwaka 2014 likatokea lililoiweza mbegu ya Robin. Huko Njoro, kituo cha KALRO, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo, hupima ngano kutoka nchi nyingi dhidi ya kutu hii.

Hapo kuna mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, uliza kila msimu ni mbegu gani inayohimili kutu ya sasa. Ulizia KALRO, au kwa Tanzania taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI, katika vituo vya Selian na Uyole, au afisa ugani wako. Panda zaidi ya aina moja, ili moja ikishindwa usipoteze shamba zima. Pili, vumbi la kutu husafiri na upepo mbali sana, kwa hiyo shamba lako safi haliwezi kujilinda peke yake. Katika nyanda zetu, mashamba ya ukanda wa chini huvunwa wakati ya juu yangali machanga, na kutu huhama moja kwa moja kutoka huku kwenda kule.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 1918 Marekani ilianza kampeni ya kung'oa vichaka vya barberi, mmea ambao kutu ya shina huutumia kukamilisha mzunguko wa maisha yake, na watoto wa shule walishirikishwa kuvitafuta. Ilichukua miongo mingi, lakini ilipunguza milipuko na kasi ya kuzuka kwa makabila mapya. Sisi hatuhitaji jambo kubwa hivyo. Chama cha ushirika, kikundi cha wakulima au mkutano wa kijiji unaweza kupanga tarehe moja ambayo maotea yote yawe yamekufa, na muda mmoja wa kupanda kwa kila ukanda. Anayekodisha shamba aandike sharti hilo kwenye mkataba, kwa kuwa shamba lililoachwa na mpangaji ndilo linalosahauliwa zaidi.

Kazi zako kwa mpangilio

Ngano inapochanua, kagua fugwe na uamue kuhusu mbegu. Wiki moja kabla ya kuvuna, chora ramani ya shamba kwenye daftari, ukiandika ulipoona kutu, majani yaliyokunjika na mimea iliyokauka mapema. Siku ya kuvuna, safisha kombaini na pima punje zilizodondoka. Baada ya kuvuna, pitisha haro juu juu au ingiza mifugo. Maotea yakitokeza, yaue yangali machanga, kisha rudia. Wiki tatu kabla ya kupanda, zunguka shamba lote pamoja na kingo zake kwa miguu. Ukiona kijani chochote cha jamii ya ngano, kiondoe na uanze kuhesabu upya.

Hata baada ya yote hayo utahitaji kukagua ngano yako kila wiki na pengine kupuliza dawa. Tofauti ni kwamba utakuwa unapambana na ugonjwa uliokuja na upepo, ukiwa mdogo na umechelewa, badala ya ugonjwa uliouhifadhi mwenyewe.

Ndugu mkulima, chukua daftari lako wiki hii, uende shambani ulikovuna, ukaone kinachoota humo. Kisha mpitie jirani yako mpange siku ya kukiua pamoja.